Nani Atashika Kisu?



Gari likipinduka usiku kwenye barabara kuu ya Mombasa, majeruhi wengi hukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi. Popote mtu anapoingizwa chumba cha upasuaji, jamaa walioko nje huulizana: "Huyu daktari ameiva kweli, au bado anajifunza?" Ni swali la haki. Tulieleze.

Anayesomea upasuaji ni daktari tayari; anachoongeza ni ufundi wa kisu. Zamani ufundi huo ulipimwa hasa kwa miaka na mtihani. Siku hizi mkazo uko kwenye umilisi, yaani, ameonyesha anaweza kazi gani?

Akina mama wanaosuka vikapu vya mkonge wanalijua jambo hili. Binti hapewi kazi ya kuuzwa eti kwa sababu amekaa kikundini miezi sita. Hupewa mwalimu wake akishaona kitako cha kikapu kimekaza.

Hospitalini hatua ni hizi:

1. Anatazama.
2. Anasaidia.
3. Anapasua, mwalimu akiwa kando yake.
4. Anapasua mwenyewe, mwalimu akiwa karibu wa kuitwa.

Kila upasuaji huandikwa katika daftari lake la kazi. Huenda kwa ngiri amefika hatua ya nne, lakini kwa utumbo uliotoboka bado yuko ya pili. Tena hapimwi mikono tu. Je, anajua kusema na mgonjwa? Anajua wakati wa kumwita mkubwa wake?

Miaka nayo haikufutwa. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Mafunzo ya msingi ni miaka 2, kisha fani huchukua miaka 3 au zaidi. Wanafunzi hujifunza kazini, katika hospitali zilizokubaliwa, zikiwemo za kanisa za Kijabe na Tenwek.

Lakini jamani, njia hii yote inategemea jicho la mwalimu. Akitia sahihi bila kutazama, daftari ni karatasi tu, na anayeumia ni mgonjwa.

Basi kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji, ulizeni kwa upole: Nani atapasua? Anayemsimamia yuko wapi? Kuna hatari gani? Huko si kukosa adabu. Ila mgonjwa akiwa mahututi, msiwacheleweshe madaktari.

Someni haya kikundini, mjadiliane.