Alfajiri ya Kutungwa

Katika jumba la Somerset House, ukingoni mwa mto Thames jijini London, mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, palikuwa na chumba ambamo alfajiri ilipambazuka mara nyingi kwa siku moja, mwanga wake ukitoka katika taa na ndege wake wakitoka katika spika. Kazi hiyo, iitwayo Machine Auguries, ilibuniwa na Alexandra Daisy Ginsberg, msanii wa Uingereza ambaye ameifanya elimu ya viumbe kuwa malighafi ya fani yake. Aliyeingia humo alisikia kwanza sauti halisi ya ndege mmoja akiimba peke yake; kisha akasikia ndege yule akijibiwa na sauti ya kigeni, yenye mikwaruzo na kusitasita; halafu zikaingia sauti nyingine na nyingine, hata, pasipo kudhihiri mpaka baina ya kweli na uzushi, halaiki nzima ikawa ya ndege ambao hawakupata kuwa na unyoya wala koo.

Sauti hizo zilitungwa na mitambo miwili ya akili bandia iliyoshindanishwa. Mmoja hutunga mlio; wa pili, uliokwisha kulishwa maelfu ya milio iliyorekodiwa porini na bustanini, hutoa hukumu kama mlio ule ni wa ndege au ni wa kughushi. Mtunzi hapati funzo jingine lolote ila hukumu hiyo, mithili ya mwanachuo asomaye mbele ya mwalimu mkali ambaye kazi yake ni kusema "sivyo" tu. Naye hurudia na kurudia, na kadiri ufundi wake unavyozidi ndivyo masikio ya mwalimu yanavyozidi kunoleka, mpaka mwisho mwalimu hawezi tena kupambanua.

Yaliyomsukuma msanii hayakuwa njozi tupu. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walitangaza katika jarida la Nature kwamba katika mji wa Leiden, Uholanzi, madume ya ndege aitwaye Parus major, mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, huimba kwa sauti nyembamba zaidi mahali penye kelele kuliko mahali penye utulivu. Sababu yake ni dhahiri kwa mtu aliyewahi kuzungumza kandokando ya barabara kuu: mngurumo wa magari ni mzito, aghalabu chini ya hezi 2,000, nao huzimeza noti nene za wimbo na kuziacha nyembamba. Dume huimba ili alinde himaya yake na amwite jike; wimbo usiofika hauna faida kwake. Miaka minne baadaye, mjini Sheffield, Richard Fuller na wenzake walimchunguza robin, kidege mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ambaye watu walistaajabu kumsikia akiimba usiku wa manane. Tuhuma zote zilikuwa juu ya taa za barabarani. Lakini wao waliona kuwa kuimba kule kulihusiana zaidi na kelele za mchana. Mahali ambapo mchana hapasikiki kitu, robin huahirisha maneno yake mpaka watu walale.

Ginsberg aliyatwaa mambo haya akayavuta mpaka kikomo chake: ikiwa leo ndege wanabadili sauti ili waweze kukaa nasi, kesho wasioweza kubadili watanyamaza, na mji uliozoea kuamshwa kwa nyimbo utajitengenezea waimbaji wengine. Hoja hii ina nguvu, na aliyeisikia kwa masikio yake hahitaji kufafanuliwa kwa takwimu. Walakini ina upungufu mmoja, nao ni kumdhania ndege kuwa hana shauri katika mustakabali wake.

Maonyesho yale yalifungwa Februari 2020. Mwezi uliofuata, kwa ajili ya maradhi ya Korona, magari yakatoweka katika miji, na huko San Francisco magari yapitayo daraja la Golden Gate yalirudi kuwa machache kama ilivyokuwa miaka ya 1950, na kelele zikapungua. Elizabeth Derryberry na wenzake, ambao tangu zamani walikuwa na rekodi za shomoro wa huko mwenye utosi mweupe, wakasikiliza tena. Ndege wale walikuwa wameacha kupaza sauti, wakazirudia noti nene, na juu ya upole huo nyimbo zao zikawa zikisikika umbali uliokaribia kuwa maradufu. Yote hayo yalitukia kwa muda wa majuma machache. Hii ni bishara ambayo chumba cha London hakikuitoa.

Hata hivyo, msanii huyu hakukoma katika maombolezo, ingawa angeweza. Mwaka ule wa 2019 alikuwa ametoa pia The Substitute, ambamo kifaru mweupe wa kaskazini, kwa ukubwa wake wa kweli, huzunguka katika chumba cheupe kisicho na unyasi hata mmoja; na wasomaji wa Kenya hawana haja ya kukumbushwa Sudan, dume la mwisho, aliyekufa Ol Pejeta mwezi wa Machi 2018 akawaacha majike wawili, Najin na Fatu. Ilikuwa rahisi kuendelea na njia hiyo ya mizuka, kwa kuwa majumba ya sanaa huipenda sana huzuni.

Badala yake, mwaka 2021, kwa kituo cha mimea cha Eden Project, huko Cornwall, Uingereza, alianzisha Pollinator Pathmaker, bustani ambayo hadhira yake si watu. Kanuni ya kompyuta huchagua mimea na kuipanga ili iwafae wachavushaji wa aina nyingi iwezekanavyo, pasipo kumwuliza binadamu anapenda nini. Bustani nyingine ya namna hiyo ilipandwa Kensington Gardens, London, mwaka 2022, na nyingine Berlin mwaka uliofuata, mbele ya makumbusho ya elimu ya viumbe.

Ili kuifahamu bustani hiyo yafaa kumkumbuka mtafiti wa nyuki Karl von Frisch, ambaye zaidi ya miaka 100 iliyopita aliweka kisahani cha maji ya sukari juu ya kadi ya buluu, kati ya kadi za kijivu, kuanzia hafifu mpaka iliyokolea. Nyuki walipokwisha kuzoea, aliweka kisahani kitupu, nao wakaiendea buluu vilevile. Kwa hiyo huona rangi. Baadaye ilibainika kuwa wekundu hawauoni vema, lakini huona urujuanimno ambao sisi hatuuoni, na maua mengi tuyaonayo kuwa ya manjano matupu yana alama ndani ya nuru hiyo zielekezazo penye nekta. Fauka ya hayo, nyuki wanene wenye manyoya, wa jenasi Bombus, huhifadhi njia akilini na kuyapitia maua yale yale kwa utaratibu, hali baadhi ya wadudu wengine huruka ovyo tu. Kanuni ya bustani huzipima tabia zote hizo mbili, na ndiyo sababu mtu aliyezoea matuta ya mstari ulionyoka huiona kuwa imevurugika, na rangi zake kuwa zinagombana.

Mwenye kiwanja aweza kupata ramani yake mwenyewe bila malipo, kwa kutaja ukubwa wa mahali, aina ya udongo na kiasi cha jua. Atakalolikosa ni upendeleo kwa nyuki wa asali, ambaye binadamu humtunza kwa tamaa ya asali yake: humo amehesabiwa kuwa spishi moja tu, sawa na nondo, mbawakawa na nzi wa maua, na hesabu ya spishi ndiyo pekee inayoipa kanuni maksi.