Muziki wa Kompyuta ya Nyumbani

Bana rula ukingoni mwa meza, kisha fyatua ncha yake. Rula hutetemeka, nawe husikia sauti. Ukiifupisha sehemu iliyo nje ya meza, hutetemeka upesi zaidi na sauti huwa nyembamba.

Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilianza kuuza kompyuta ndogo ya nyumbani, iitwayo ZX Spectrum. Ndani yake mlikuwa na spika moja tu. Kompyuta iliweza kukisukuma kiwambo cha spika hiyo au kukiachia, basi. Je, muziki ulitoka wapi? Kiwambo kiliposukumwa na kuachiwa mara 440 kwa sekunde, ilisikika sauti moja. Mara 880, sauti nyembamba zaidi. Mpigaji aliandika amri BEEP na namba mbili: ya kwanza ilitaja muda wa sauti, ya pili wembamba au unene wake.

Amri hiyo iliishughulisha kompyuta nzima. Mpaka sauti ikome, picha za mchezo zilisimama. Hata hivyo, mafundi hodari walipata sauti mbili katika spika hiyo moja. Walizipokezanisha upesi mno, hata sikio likadhani zinalia pamoja.