Garissa hadi Wajir kwa Ndege: Umbali ni Kilomita 248, Muda Je?

Wakazi wengi wanaopanga safari ya ndege kati ya Garissa na Wajir huanza kwa kutafuta umbali kwenye simu. Jibu wanalopata ni takriban kilomita 248. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimwambii msafiri, wala familia yenye mgonjwa, jambo wanalohitaji zaidi kujua: safari itachukua muda gani.

Umbali hupimwaje?

Kilomita 248 ni mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili vya ndege. Garissa iko kusini kidogo mwa ikweta na Wajir iko kaskazini, hivyo ndege huvuka ikweta ikiwa imeenda kama kilomita 50 tu. Marubani hupima kwa maili za baharini, ambapo maili moja ni kilomita 1.852. Kwao safari hii ni maili 134. Kwa barabara inayopitia Modogashe, umbali ni zaidi ya kilomita 300.

Muda hutegemea ndege

Baadhi ya vikokotoo vya mtandaoni huhesabu kwa kasi ya ndege kubwa za jeti, kilomita 800 kwa saa, na kutoa jibu la dakika 20 hivi. Ndege nyingi zinazotua katika viwanja vidogo si za aina hiyo. Cessna Caravan, yenye injini moja, huenda kama kilomita 300 kwa saa. Ukiongeza dakika za kupaa na kujipanga kutua, safari hukaribia saa moja. Ndege ya injini mbili kama Dash 8 inaweza kutumia dakika 40 hivi.

Upepo unaweza kuongeza au kupunguza dakika kadhaa. Joto nalo lina athari: hewa ya moto ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kupaa au hulazimika kupunguza mzigo. Ndiyo maana safari nyingi katika maeneo ya joto hupangwa asubuhi.

Msafiri anashauriwa pia kuuliza kama ndege inaenda moja kwa moja. Kutoka Garissa hadi Uwanja wa Wilson, Nairobi, ni kama kilomita 329, na kutoka Wilson hadi Wajir ni kama 497. Anayezungukia Nairobi husafiri kilomita 826, zaidi ya mara tatu ya umbali wa moja kwa moja, mbali na saa za kusubiri.

Wakati wa dharura

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara ya Garissa–Nairobi upande wa Madogo, wengi waliona jinsi usafiri wa anga unavyoweza kuwa njia pekee ya haraka. Hata hivyo, ndege za kubeba wagonjwa, zikiwemo za AMREF Flying Doctors, zina makao yake Wilson. Muda wa mgonjwa kwa hiyo hauanzi ndege inapopaa Garissa. Ndege ndogo huhitaji zaidi ya saa moja kufika hapa, kisha muda kama huo kurudi, bila kuhesabu matayarisho na safari ya ambulansi hadi uwanjani. Aidha, uwanja usio na taa hautumiki usiku, hivyo mgonjwa aliyecheleweshwa hadi jioni huenda akasubiri mapambazuko.

Wakazi wanahimizwa kuzingatia haya:

• Mpeleke mgonjwa hospitalini mapema. Uamuzi wa rufaa kwa ndege hufanywa na daktari.
• Weka tayari kitambulisho na kadi ya bima ya afya.
• Kwa safari ya kawaida, uliza aina ya ndege, vituo itakavyopitia, uzito wa mizigo unaoruhusiwa na saa ya kufika uwanjani.
• Mwenye miadi ya hospitali asafiri siku moja kabla, kwani ratiba hubadilika kutokana na hali ya hewa.