Kabla ya Kujenga Tovuti ya Biashara, Yajue Maneno ya Mteja

Ndugu wasomaji, siku hizi mafundi wa tovuti wanapita duka hadi duka. Humwambia mwenye biashara: "Bila tovuti huendi popote. Nilipe, nami nitakuweka wa kwanza kwenye Google." Mwenye biashara anajikuna kichwa, anatoa akiba yake, analipa. Tovuti inajengwa. Inapendeza kweli, ina rangi na picha zinazotembea. Lakini miezi inapita na simu hailii.

Kwa nini? Mara nyingi tovuti hiyo ilijengwa bila kumfikiria mtu anayetafuta. Ni kama kufungua duka zuri kwenye kichochoro kisicho na kibao. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kwenye intaneti hata kizuri hakionekani kama hakikuandikwa kwa maneno ambayo watu wanayatumia.

Katika makala haya tunaeleza mpango wa kufanya kabla ya kumlipa fundi hata shilingi moja. Mpango huo hauhitaji kompyuta. Unahitaji daftari na kalamu.

TOVUTI NI NINI?

Tovuti ni kurasa zenye maandishi na picha, zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ambayo haizimwi. Mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuzifungua, akiwa Dar es Salaam au Kigoma. Mpango huu wa kurasa ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Mwaka 1993 kituo hicho kiliruhusu dunia nzima kuutumia bila malipo.

Leo kurasa hizo ni nyingi mno. Mtu hawezi kuzikagua moja moja. Ndiyo maana zipo injini za kutafutia. Inayojulikana zaidi ni Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

GOOGLE INATAFUTAJE?

Fikirini maktaba yenye vitabu vingi. Ukiuliza kitabu cha ufugaji wa kuku, mkutubi hakimbii kufungua kila kitabu. Anatazama orodha aliyoiandaa zamani. Google nayo hufanya hivyo, kwa hatua tatu.

Kwanza, programu zake hupita kutoka ukurasa hadi ukurasa zikifuata viungo. Kiungo ni maneno ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka ukurasa mwingine. Pili, huyasoma maandishi na kuyaweka kwenye orodha kubwa. Tatu, mtu anapouliza, hutazama orodha hiyo na kupanga majibu, yale yanayoonekana kufaa zaidi yakiwa juu.

Basi hapo tunajifunza mambo mawili. Ukurasa usio kwenye orodha hauwezi kuletwa. Na ukurasa usio na maneno yanayohusu swali la mteja ni vigumu kuletwa juu.

TUCHUKUE MFANO WA KIPAWA

Kipawa ni kata ya Wilaya ya Ilala, jijini Dar es Salaam, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Uwanja huo uko kama kilometa 12 kutoka katikati ya mji. Jengo lake la Pili la abiria lilifunguliwa mwaka 1984, na Jengo la Tatu, ambalo wengi huliita Terminal 3, lilizinduliwa mwaka 2019.

Tuseme yupo mama mwenye gesti ya vyumba 8 hapo Kipawa. Anataka tovuti. Mama huyu ameandika kwenye kibao chake: "Karibuni Nyumbani, Malazi Bora ya Kisasa." Fundi anataka kuandika maneno hayo hayo juu ya tovuti.

Hebu tumfikirie mteja. Ni msafiri kutoka Mbeya. Ndege yake inaondoka saa 11 alfajiri. Anataka kulala karibu asije akaachwa. Je, ataandika "malazi bora ya kisasa" kwenye simu yake? Hapana. Ataandika "gesti karibu na uwanja wa ndege Dar". Mwingine ataandika "lodge karibu na airport bei nafuu". Mwingine ataandika "pa kulala karibu na Terminal 3".

Tena wengi wao hawaandiki neno Kipawa kabisa. Mtu wa Mbeya hajui Kipawa iko wapi. Anajua uwanja wa ndege. Na lipo jambo jingine. Neno kipawa katika Kiswahili ni kipaji. Anayeandika "kipawa" peke yake anaweza kuletewa habari za watoto wenye vipawa vya kuimba na kucheza mpira! Kwa hiyo mama huyu aandike kwa ukamilifu: "Gesti Kipawa, Dar es Salaam, karibu na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere." Maneno hayo hayana mbwembwe, lakini ndiyo yatakayomleta mgeni mlangoni.

DAFTARI LA MANENO

Hatua ya kwanza ya mpango ni kukusanya maneno ya wateja. Kwa wiki mbili, andika kila swali unaloulizwa kwa simu au mlangoni. Andika kama lilivyosemwa, usilinyooshe. Kwa mfano:

"Chumba shilingi ngapi kwa usiku?"
"Mna maji ya moto?"
"Kutoka uwanja wa ndege ni dakika ngapi?"
"Nikifika saa 8 usiku mtanifungulia?"
"Gari langu naweza kuliacha ndani?"

Kisha fungua Google kwenye simu, uanze kuandika neno kama "gesti karibu na". Utaona inakuletea maneno ya kumalizia. Mengi hutokana na yale ambayo watu wengine wameyatafuta. Yaandike nayo. Tazama pia wenzako wa biashara hiyo wanaoletwa juu. Wameeleza nini ambacho wewe hujaeleza? Kuuliza si ujinga, na kutazama kwa jirani si wizi. Wizi ni kunakili maandishi yake.

RAMANI YA KURASA

Sasa chora ramani. Kila ukurasa ubebe jambo moja. Kwa gesti ya vyumba 8, kurasa tano zinatosha:

1. Mwanzo: ninyi ni nani, mko wapi, mnatoa huduma gani.
2. Vyumba na bei.
3. Jinsi ya kufika, kutoka uwanja wa ndege na kutoka stesheni ya TAZARA.
4. Majibu ya maswali ya wageni. Hapa ndipo daftari lako linapofanya kazi.
5. Mawasiliano: simu, saa za kazi na ramani.

Kila ukurasa uwe na kichwa chake, na kila mmoja uwe na kiungo cha kwenda kwenye mingine. Kichwa kinachosema "Ukurasa wa 2" hakimsaidii mtu. Kinachosema "Bei za vyumba, gesti ya Kipawa karibu na uwanja wa ndege" kinaeleweka kwa mteja na kwa Google pia.

MAMBO YA KUMWAMBIA FUNDI

Kwanza, bei na anuani ziandikwe kwa maandishi ya kawaida. Watu wengi hutengeneza tangazo la picha lenye maneno ndani yake, kama yale yanayotumwa WhatsApp. Macho ya mtu huyaona, lakini injini ya kutafutia inaweza isiyasome sawasawa. Kila picha iwe na maelezo mafupi ya maandishi.

Pili, tovuti iwe nyepesi. Mteja anatumia bando. Picha zikiwa nzito atachoka kusubiri na kwenda kwa mwingine.

Tatu, tovuti isomeke vizuri kwenye simu ndogo. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba imekamilisha mpango wake wa kuzisoma tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu. Basi usiikague kazi kwenye kompyuta ya fundi tu. Itoe simu yako mwenyewe mfukoni.

Nne, kuorodhesha biashara yako kwenye ramani ya Google hakuna malipo. Mwenye biashara huthibitisha kwamba ni yake, kisha huweka simu, picha na saa za kazi. Hakikisha jina na namba ya simu vinafanana kila mahali.

JINA LA TOVUTI NI LA NANI?

Hapa, ndugu wasomaji, ndipo watu wengi huumia. Kila tovuti ina jina lake la intaneti. Kwa biashara za Tanzania jina linaweza kuishia na .co.tz. Majina yanayoishia .tz yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na huuzwa kupitia mawakala. Jina hulipiwa kwa muda maalumu. Usipolilipia tena, linaweza kuchukuliwa na mwingine.

Muulize fundi: "Jina hili limeandikishwa kwa nani?" Akijibu, "Usijali mama, liko kwangu," basi jali! Siku mkikosana, au siku akihama mji, jina litakuwa mkononi mwake. Miaka yote uliyojulikana na wateja itapotea. Jina liandikwe kwa mwenye biashara, na maneno ya siri uyashike wewe. Mambo haya yawekwe kwenye mkataba wa maandishi, pamoja na gharama za mwaka wa pili. Kumbuka pia kwamba kusajili jina la biashara BRELA ni jambo moja, na kuandikisha jina la tovuti ni jambo jingine. Ukifanya moja hujafanya la pili.

Wakazi wa Kipawa wanaijua habari ya kuhama. Karibu mwaka 2010, nyumba za wengi zilibomolewa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Duka likihama, kibao cha zamani hakimwelekezi mtu tena. Lakini jina la tovuti, likiwa lako, unahama nalo. Unabadilisha tu ukurasa wa jinsi ya kufika.

AHADI ZA KUKATAA

Anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa uhakika, mkatae. Google yenyewe inaonya kwamba hakuna awezaye kuhakikisha hivyo. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama ya tangazo, na ukiacha kulipa yanaondoka.

Kataa pia ujanja wa kurudia neno moja mara mia, kuficha maneno yasionekane na wasomaji, au kununua viungo kutoka tovuti za ajabu ajabu. Google inaukataza, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kwenye orodha. Viungo vyema ni vile vya haki. Kwa mfano, mwenye teksi unayefanya naye kazi akikutaja kwenye tovuti yake.

Kama tovuti yako itachukua majina na simu za wageni, chukua yale unayoyahitaji tu na uyatunze. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

BAADA YA KUJENGA

Usitegemee matunda kesho. Ni kama kupanda mchungwa. Inaweza kuchukua miezi kadhaa. Ili kujua kama umo kwenye orodha, andika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikija kurasa zako, umo. Mwambie fundi akuunganishe na Search Console, huduma ya Google isiyo na malipo. Itakuonyesha maneno yaliyowaleta watu kwako. Kila mwezi yalinganishe na daftari lako. Na kila mteja mpya muulize: "Ulitupataje?"

Je, kila biashara inahitaji tovuti? La. Genge la nyanya linalouzia majirani halihitaji. Wanaohitaji zaidi ni wale ambao mteja wao yuko mbali: gesti ya Kipawa, fundi samani wa Keko, hata mfugaji nyuki wa Sikonge anayetaka kuuza asali mjini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mteja wa mbali ataitaja biashara yako kwa maneno gani? Andika matano.
2. Je, yeye anapajua mahali pako kwa jina lipi?
3. Jina la tovuti liandikishwe kwa nani, na kwa nini?
4. Fundi akikuahidi kuwa wa kwanza Google, utamjibu nini?

Someni pamoja, jadilianeni, na aliye na daftari aanze leo.