Kumbukumbu ya Kikapu: Namna Duka Dogo Linavyoweza Kupima Mfumo wa Kuuza Mtandaoni

Kikapu cha duka la mtandaoni hakipo. Kinachoonekana kwenye kioo cha simu kama mchoro wa kikapu wenye namba ndogo pembeni ni kumbukumbu tu ya bidhaa ambazo mteja ameshazichagua, na ugumu wa kuitunza kumbukumbu hiyo unatokana na ukweli kwamba itifaki inayosafirisha kurasa za tovuti, yaani kanuni za mawasiliano zijulikanazo kwa kifupi HTTP, iliundwa bila kumbukumbu yoyote. Tim Berners-Lee alipoibuni katika kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi, lengo lilikuwa kuwawezesha wanasayansi kusomeana nyaraka, na kwa kazi hiyo ilitosha kwamba seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa, ipokee ombi, ilijibu, kisha isahau kwamba iliwahi kuombwa kitu. Muuza duka mwenye tabia hiyo angemuuliza mteja jina lake upya kila baada ya kumshushia bidhaa moja kutoka kwenye rafu.

Dawa ilipatikana mwaka 1994, wakati Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alipokuwa akishughulikia haja ya mteja mmoja, kampuni ya simu ya MCI, iliyotaka duka la mtandaoni ambalo halitailazimu seva yake kutunza habari za manunuzi yasiyokamilika. Montulli alibuni kidakuzi, ambacho ni kipande kifupi cha maandishi ambacho seva hukikabidhi kwa kivinjari, na kivinjari hukirudisha kila kinapoomba ukurasa mwingine. Leo mifumo mingi haiweki orodha ya bidhaa ndani ya kidakuzi chenyewe. Huweka namba ya utambulisho tu, na orodha hukaa kwenye hifadhidata ya seva. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu chochote kilichohifadhiwa kwenye simu ya mteja kinaweza kubadilishwa na mteja. Kulikuwa na mifumo ya awali iliyoficha bei ndani ya fomu ya ukurasa, na mtu mwenye ujuzi mdogo tu aliweza kuibadilisha bei hiyo kabla ya kubonyeza kitufe, kisha akalipa alichojipangia.

Mwenye duka dogo anapotafuta mfumo, aghalabu hulinganisha ada ya mwezi na uzuri wa kurasa. Vigezo hivyo si vya kupuuzwa, lakini vinapima kile kinachoonekana siku mambo yanapokwenda sawa, ilhali hasara hutokea kwenye sekunde chache ambazo kumbukumbu ya kikapu, ya stoo na ya malipo hazisemi jambo moja.

Chukua mfano wa muuza khanga wa Kariakoo aliyebakiwa na doti moja ya rangi fulani, ambayo wateja wawili, mmoja Tanga na mwingine Mwanza, wanaibonyeza kwa wakati mmoja. Programu iliyoandikwa kizembe husoma idadi kwanza, hukuta 1, kisha ndipo hupunguza. Na kwa kuwa maombi yote mawili yamesoma kabla ya lolote kupunguza, wateja wote wawili huambiwa kuwa mzigo upo. Sayansi ya hifadhidata imekwisha kulitatua tatizo hili kwa dhana ya muamala, ambayo Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, aliichambua katika andiko lake la mwaka 1981: hatua kadhaa hufungwa pamoja zikawa tendo moja, ama zitimie zote ama isitimie hata moja, na anayetaka kugusa taarifa hiyohiyo wakati huo husubiri zamu yake. Hata hivyo, haiwezekani kuifunga hifadhidata huku mteja akitafuta salio la kulipia, na ndiyo maana mifumo huishikilia bidhaa kwa muda maalumu. WooCommerce, kwa mfano, huja ikiwa imepangwa kushikilia oda isiyolipiwa kwa dakika 60, muda ambao mwenye duka anaweza kuubadilisha, na kwa bidhaa inayogombaniwa ni bora aufupishe. Ila hakuna hifadhidata itakayomwokoa mtu anayeuza doti hiyohiyo kaunta bila kuiondoa kwenye mfumo.

Katika Afrika Mashariki jambo linalostahili kuchunguzwa kuliko yote ni malipo ya simu, kwa sababu mifumo mingi mashuhuri ilisanifiwa kwa ajili ya nchi ambako mnunuzi hulipa kwa kadi na jibu hurudi papo hapo. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hufanya kazi kwa mpangilio mwingine. Mfumo wa duka hutuma ombi kwa mtandao wa simu, nao humtokezea mteja ujumbe unaomtaka aweke namba ya siri. Jibu ambalo duka hupewa wakati huo husema tu kwamba ombi limepokelewa, wala halisemi kwamba fedha imelipwa. Matokeo huja baadaye, kwa safari ya pekee, yakielekezwa kwenye anwani ya seva ya duka. Katika huduma ya Safaricom inayowahudumia waandaaji wa programu, matokeo hayo hubeba namba: 0 ni malipo yaliyokamilika, 1 ni salio lisilotosha, 1032 ni mteja kughairi, na 1037 ni simu ya mteja kutopatikana. Mfumo unaozifupisha zote kuwa neno moja, kwamba malipo yameshindikana, humnyima mwenye duka habari muhimu, kwani aliyeghairi na ambaye simu yake ilizima si watu wa kufuatwa kwa namna moja.

Hatari kubwa zaidi ni matokeo kupotea njiani kwa kuwa seva ya duka ilikuwa imezimika. Mteja ana ujumbe wa malipo mkononi, duka linaonyesha kwamba hajalipa, naye akijaribu tena atakatwa mara mbili. Mfumo uliotengenezwa vizuri hausubiri tu kuletewa. Baada ya muda huuliza wenyewe hali ya muamala, na matokeo yaleyale yakifika mara mbili huyahesabu mara moja. Tena huhakiki kiasi kilicholipwa na chanzo cha taarifa, kwa kuwa yeyote anayeijua anwani ile anaweza kutuma matokeo ya uongo. Mara nyingi kazi hiyo haifanywi na mfumo wenyewe, bali na programu-jalizi, yaani nyongeza iliyoandikwa na mtu mwingine, na tarehe ya mwisho ya kuboreshwa kwake ina maana kuliko umaarufu wa mfumo ilikochomekwa.

Kuhusu kadi, shauri ni fupi: duka dogo lisiziguse namba zake hata kidogo, bali limpeleke mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo inayofuata viwango vya usalama vya PCI DSS, vilivyoanza mwaka 2004. Mwaka 2018 wezi waliingiza mistari 22 ya msimbo kwenye tovuti ya shirika la ndege la British Airways, ikawa inanakili namba za kadi huku wateja wakiziandika.

Lililobaki ni kuchagua kati ya kupanga na kujenga. Shopify, iliyozinduliwa Ottawa nchini Kanada mwaka 2006, hutoza ada ya mwezi na kubeba mzigo wa seva na ulinzi. WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011, ni programu huria isiyouzwa, lakini seva, maboresho na nakala za akiba ni juu ya mwenye duka. Asiye na fundi wa kumpigia simu usiku afadhali apange, na mwenye oda chache kwa siku anaweza kubaki na WhatsApp, lipa namba na daftari bila kupungukiwa na kitu.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mfumo ufanyiwe manunuzi ya majaribio: moja la kawaida, moja la kughairi, na moja ambalo simu huzimwa kabla ya kuweka namba ya siri. Anayeuza ng'ambo ya mpaka ajaribu pia kwa shilingi ya Uganda, ambayo katika viwango vya kimataifa haina senti, kwani programu inayodhani kila sarafu ina senti 100 yaweza kuzidisha bei mara mia. Mwishowe orodha ya wateja ipakuliwe na kufunguliwa kwenye programu ya majedwali, maana hapo ndipo sifuri ya mwanzo ya namba ya simu ya 07 hupotea, na namba inayoanza na 255 hugeuka kuwa 2.56E+11.