Pua ya Mbwa, Utulivu wa Askari

Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na tope likaufunika mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na askari wa JWTZ walikuwa miongoni mwa waliofukua. Kazi ya namna hiyo huanza na swali moja gumu: tuchimbe wapi kwanza? Sisi wa Gare, ambao nyumba na mashamba yetu yameshikilia miteremko ya Usambara, kila masika swali hilo ni letu.

Mwenye jibu la haraka ni mbwa aliyefunzwa. Mwili wa binadamu hupukutisha maelfu ya chembe za ngozi kila dakika, na harufu yake husafiri na hewa. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu vinavyoweza kufika milioni 300. Yetu ina milioni 5 au 6. Mbwa wa uokoaji wa aina hii hanusishwi nguo ya aliyepotea. Hutafuta harufu ya binadamu yeyote iliyomo hewani, na akimpata mtu hubweka mpaka mwongozaji afike. Mafunzo yake huanza kama kombolela: mtu hujificha na mpira, mbwa akimpata na kubweka, mpira ni wake.

Lakini pua peke yake haitoshi, kwa kuwa upepo wa milimani una zamu. Jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Harufu ya aliye chini hukutwa juu, na mbwa hupitishwa kwenye kigongo. Jioni, baridi ikiingia, hewa hushuka na msako huhamia bondeni. Tope bichi nalo huziba harufu. Ndiyo maana waokoaji hulitoboa kwa fito za chuma, wakaipa harufu muda wa kutoka, ndipo wakamrudisha mbwa.

Hapo ndipo namwona askari mstaafu kama mwongozaji. Amezoea kusoma ardhi, kugawa eneo vipande, kukipita kila kipande na kuripoti alichokiona, si alichotamani kukiona. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio la waongozaji 18 na mbwa wao wa kunusa dawa za kulevya na milipuko. Waongozaji waliambiwa huenda harufu imefichwa, kumbe hakikufichwa chochote. Ishara za uongo zilimiminika, hasa pale waongozaji walipoamini pana kitu. Mbwa humsoma mwenzake, hatua zake hata pumzi zake. Mwongozaji mwenye papara humpotosha mbwa mkweli.

Nchini kwetu, jeshi na pua za wanyama si wageni. Mwaka 2000 shirika la APOPO lilihamia Morogoro kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine na JWTZ, likafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Leo baadhi ya panya hao wanafunzwa kupenya vifusi wakiwa wamebeba kamera mgongoni. Mbwa hutafuta juu ya kifusi, panya huingia ndani yake.

Wapo Waislamu wenzetu wanaouliza kuhusu najisi ya mbwa. Ni swali la haki. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda ana ruhusa katika sheria, na namna ya kujitoharisha inajulikana. Anayetafuta uhai wa mtu ana hoja kubwa zaidi.

Wastaafu wapo vijijini mwetu, wanalima kabichi na karoti. Halmashauri na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakiwaita wafunzwe kuongoza mbwa, nusu ya somo watakuja nayo. Nasi raia tuna wajibu wetu. Mteremko ukimeguka, piga 114, zuia watu wasikanyage tope, na umati usisimame upande unakotoka upepo, ili harufu zetu zisiifunike ya yule aliye chini.