Chonga na dumuzi: Maadui wawili, kinga mbalimbali

MKULIMA wa Mkwaja, wilayani Pangani, mwenye minazi shambani na mahindi ghalani, ana maadui wawili wa jamii moja ya mbawakawa. Mmoja ni chonga. Mwingine ni dumuzi, maarufu pia kwa jina la Scania. Kuwakabili kwa mbinu moja ni kujitafutia hasara mara mbili.

Chonga ni mkubwa, mweusi na mwenye pembe kichwani. Urefu wake hufikia sentimeta nne hivi. Huruka usiku, akatoboa kilele cha mnazi na kula moyo wake. Makuti yakichanua huonekana kama yamekatwa kwa mkasi. Mnazi mchanga ukitobolewa moyo hufa.

Hata hivyo, funza wa chonga hana haja na mnazi ulio hai. Yeye hula magogo yaliyooza na marundo ya samadi. Hivyo, anayeacha magogo ya minazi iliyokufa yaozee shambani anamfuga adui yake mwenyewe.

Dumuzi ni mdogo, milimita tatu hadi nne tu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa nchini aligunduliwa mkoani Tabora mwaka 1981. Tofauti na chonga, mdudu kamili na funza wake hula chakula kimoja, yaani mahindi na makopa, wakaviacha vikiwa vumbi. Penye joto na unyevu wa kutosha, yai huwa mdudu kamili kwa mwezi mmoja hivi. Huweza pia kujificha katika miti ya ghala.

Kwa chonga, mkulima aondoe au achome magogo, apekue samadi na kuua funza, kisha amvute mdudu kileleni kwa waya wenye ndoano.

Kwa dumuzi, akaushe mahindi, ayapukuchue na kusafisha ghala, kwani mahindi yakiwa kwenye magunzi huliwa zaidi. Dawa iwe ya unga yenye viambato viwili: permethrin inayomuua dumuzi na pirimiphos-methyl inayoua fukusi, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Mifuko isiyopitisha hewa nayo inafaa.

Dumuzi hula mavuno ya msimu mmoja. Chonga akiua mnazi mchanga, mkulima hupoteza miaka yote ya kuusubiri uzae.